Isale la Kuombea Kidonge

"Hivi wewe Tabitha, mama mkwe wako unamlea au unamlaza?"

Beatrice aliuliza hivyo asubuhi moja ya Agosti, amesimama upande wake wa uzio, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, wala hakuutua. Aliuliza kama mtu anayeulizia bei ya chumvi, kisha akaendelea na njia yake. Tabitha akabaki na ndoo ya maziwa mkononi. Angetaka kumjibu. Kilichomuuma ni kwamba jibu hakuwa nalo.

Aligeuka akamtazama mama. Mama Aikaeli alikuwa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, kidevu kimegusa kifua, mate yamelowanisha kanga, mikono imekakamaa mapajani kama imeshika kitu kisichoonekana. Kwenye paji la uso alikuwa na kidonda cha Jumanne, alipoanguka karibu na zizi. Jua lilikuwa limeshampata usoni na hakusogea. Nzi alitua kwenye kidonda na hakumfukuza.

Na huyu ndiye Aikaeli ambaye kata nzima ya Mbokomu ilimjua! Miaka arobaini aliuza ndizi soko la Kiboriloni, akishuka na mkungu kichwani huku akiimba. Aliwahi kumfuata mwenyekiti wa kijiji mpaka kilabuni, akamtoa mbele ya wenzake kwa ajili ya zamu ya maji ya mfereji. Akishika kisu chake kidogo, mkungu mzima ulikuwa umemenywa kabla chai haijachemka. Na kila kitu kwake kilikuwa "aika", asante. Ukimpa maji, aika. Mvua ikinyesha, aika. Hata ng'ombe akitoa maziwa alikuwa akimpigapiga ubavuni na kumwambia aika. Sasa ilikuwa miezi mitano neno hilo halijasikika katika nyumba ile.

Tabitha hakuwa binti wa kumzaa. Alikuwa mke wa Godlove, kitinda mimba, na kwa desturi ya huku kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye kihamba, shamba la nyumbani la wazazi. Godlove alifariki mwaka wa nne sasa. Binti yao, Grace, alipata kazi Holili mpakani, akaondoka. Hakuna aliyemwambia Tabitha abaki, na hakuna aliyemwambia aondoke. Akabaki na ng'ombe wawili, migomba, na mama ambaye pole pole alianza kusahau.

Mwanzoni lilikuwa jambo la kucheka. Mama anabandika sufuria tupu motoni. Mama anamwita ng'ombe aliyeuzwa zamani. Baadaye kila jioni akawa anajifunga kanga, anachukua kikapu, anataka kwenda sokoni, na ukimzuia anakupiga kwa kikapu hicho hicho. Elifuraha, mwana mkubwa, akapanda kutoka Dar es Salaam akampeleka kwenye zahanati moja. Wakarudi na bahasha ndogo ya karatasi yenye vidonge vya kumtuliza. Elifuraha aliisoma bahasha kwa sauti mbele ya wote: "Moja, mbili. Maana yake kimoja. Akisumbua, viwili."

Elifuraha alikuwa amesoma chuo kikuu na alistaafu akiwa mkubwa ofisini. Tabitha aliishia darasa la saba. Nani angeinyakua bahasha mkononi mwake asome upya?

Basi mama akapewa kimoja, na siku nyingi viwili. Ikapita wiki mbili, mikono ikaanza kutetemeka. Gladys, binti wa Arusha, akatuma kwa basi dawa ya kuzuia kutetemeka ambayo jirani yake alikuwa akiitumia. Mama akaanza kuona watu wasiokuwepo, akawa anawafukuza kwa fimbo. Basi wakasema anasumbua zaidi, viwili vikawa vya kila siku. Usingizi ukapotea, Gladys akasema mpeni vile vidonge vya njano vya mafua, vinalaza vizuri. Kila aliyempenda mama alileta kitu. Hakuna aliyeuliza mwenzake ameleta nini.

Sasa siku ile ya swali la Beatrice, Tabitha alitua ndoo, akaingia chumbani, akapiga magoti. Alichoweza kusema ni, "Bwana, unanisikia, mimi simlazi." Alipoinuka aliona mfuko wa dawa juu ya kabati. Akauchukua wote kama ulivyo, akaufunga kwenye kitenge, akamwomba Beatrice akae na mama.

"Unakwenda wapi?" Beatrice akauliza.

"Kutafuta jibu lako."

Alishuka mjini mpaka Majengo, kwa Mwantumu, mwenye duka la dawa karibu na msikiti. Walijuana kwa ajili ya maziwa. Tabitha alimletea lita tatu kila Ijumaa mwaka wa saba huu, na Mwantumu hakuwahi kumwambia maziwa yana maji, wala Tabitha hakuwahi kuyatia maji.

"Leo siyo Ijumaa, dada yangu," Mwantumu akasema. "Au ng'ombe amekosea siku?"

Tabitha akafungua kitenge juu ya kaunta. Mwantumu aliacha kutabasamu. Akavaa miwani, akapanga vidonge kwa makundi, kisha akaishika ile bahasha ya kwanza muda mrefu.

"Hivi uliambiwa umpe vingapi?"

"Kimoja. Akisumbua viwili. Si imeandikwa hapo, moja, mbili."

"Moja, mbili?" Mwantumu akaigeuza bahasha, akaweka kidole kwenye kale kamstari kembamba kati ya tarakimu. "Dada Tabitha, hii si moja na mbili, ni moja gawa kwa mbili. Hii ni nusu. Nusu kidonge, mara moja, jioni."

Tabitha akakaa kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa. Nusu aliijua. Aliisoma shule, moja juu, mbili chini, mstari katikati, na mwalimu akakata chungwa mbele yao. Lakini nusu ya mwalimu ilikuwa imesimama. Hii waliiandika imelala, naye akamlaza mama nayo.

"Shemeji yangu ana digrii," alisema, kama anayemtetea.

"Digrii nayo ina haraka zake," Mwantumu akajibu. "Mimi mwenyewe nimeshasoma vibaya na nimekaa nyuma ya kaunta hii miaka ishirini. Sasa nisikilize. Hiki cha kutuliza, kikizidi kwa mzee, kinakaza viungo, kinaleta mate, kinaleta kutetemeka, kinamwangusha. Hiki cha Arusha kimekuja kuzuia kutetemeka, lakini mtu mwenye ugonjwa wa kusahau kinaweza kumvuruga akili, akaona vitu. Akiona vitu, ninyi mnaongeza cha kwanza. Mmekuwa mnamzungusha mama wa watu kama pia. Na hivi vya njano, mama ana mafua?"

"Hana."

"Sasa?"

"Ni vya usingizi."

"Ni vya mafua. Kwa mzee vinakausha mdomo, vinafunga choo, na vinamchanganya kuliko alivyokuwa. Hivi acha leo. Hivyo vingine usivitupe chooni kwa hasira, vinashushwa kwa ngazi, kidogo kidogo, na daktari ndiye anayesema ngazi. Mpeleke kesho hospitali. Na ubebe kila kitu, mpaka dawa ya kikohozi ya mwaka juzi."

Kesho yake Tabitha alikodi gari la jirani, akamshusha mama. Waliketi na daktari wa kike, kijana, jina lake Maulida, ambaye alimwamkia mama shikamoo na kusubiri mpaka mama alipoweza kuusogeza mdomo, ndipo akaendelea. Aliupinda mkono wa mama taratibu akausikia unavyokwama. Akamsimamisha, akatazama miguu inavyoburuzika. Kisha akasema maneno ambayo Tabitha aliyarudia njiani ili yasipotee:

"Ugonjwa wa kusahau anao, mama, na sitakudanganya kwamba utapona. Lakini huku kukakamaa, mate, na kuanguka, naona ni dawa. Tutazipunguza. Na akitaka kwenda sokoni jioni, anataka kazi. Mpe kazi."

Akampa ngazi: wiki hii kiasi hiki, wiki ijayo kiasi kile, dawa ya presha aliyokuwa akimeza tangu zamani ibaki kama ilivyo, na arudi kila baada ya wiki mbili. Tabitha aliandika yote kwenye daftari la shule kwa herufi kubwa. Penye nusu aliandika neno lenyewe, N-U-S-U, akalipigia mstari mara mbili. Ile bahasha aliiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, na hakumwonyesha mtu.

Simu ya Elifuraha ilikuja kabla ya Jumapili.

"Mama Grace, nasikia unampunguzia mama dawa. Nani amekuruhusu?"

"Daktari, shemeji."

"Daktari gani? Mimi ndiye niliyempeleka mwanzo. Wewe umesoma mpaka darasa la saba, mambo ya dawa huyajui."

"Kweli, shemeji. Ndiyo maana niliuliza."

Elifuraha akakata simu. Tabitha hakuwa amezoea kumjibu mtu mkubwa, na mkubwa yule alikuwa kaka wa mumewe.

Wiki za kwanza zilikuwa za kutambaa. Mama alilia bila sababu, akarusha kikombe, akamwita Tabitha mwizi wa kuku. Mara mbili Tabitha alilifungua kabati akavitazama vidonge, akalifunga. Lakini alipokwenda kliniki, Dokta Maulida alisema tuendelee, na waliendelea. Mwisho wa Septemba mama alimfukuza nzi usoni mwake. Katikati ya Oktoba alisimama mwenyewe kutoka kwenye kigoda, akatembea mpaka kwa ng'ombe. Na asubuhi moja, akiwa amepokea kikombe cha uji, akanywa funda, akamtazama Tabitha, akasema:

"Aika."

Tabitha alikwenda nyuma ya zizi akalia mpaka kanga ikalowa. Kisha akaenda kwenye uzio, akaita kwa sauti iliyosikika mpaka kanisani:

"Beatrice! We Beatrice! Njoo uniulize tena!"

Usidhani mama alirudi kuwa yule wa Kiboriloni. Alikuwa akimwita Tabitha kwa jina la dada yake aliyekwishakufa. Kila baada ya siku mbili tatu alimuuliza Godlove yuko wapi, na Tabitha alijifunza kusema "Ametangulia, mama," bila kueleza zaidi. Jioni alipochukua kikapu, Tabitha hakumzuia tena. Alimwekea ndizi mbichi na kile kisu kidogo cha zamani, akakaa karibu naye kwa urefu wa mkono, na mama akamenya. Mikono ilikumbuka kile kichwa kilichosahau.

Desemba ikafika. Huku Mchagga popote alipo hupanda nyumbani Desemba. Barabara ikajaa magari, vihamba vikajaa watoto wasiojua Kichagga. Elifuraha akaja na mke na watoto. Gladys naye akaja. Walikuwa wamepanga ibada ya shukrani nyumbani tarehe ishirini na nane, kwa sababu binti wa Elifuraha alikuwa amechumbiwa na wakwe walikuwa wanakuja kutoka mjini na wazee wao. Siku Elifuraha alipofika, mama alimkagua kutoka juu mpaka chini.

"Wewe una sura ya mume wangu," alisema. "Ila yeye hakuwa na tumbo hili."

Watoto wakaangua kicheko. Elifuraha hakucheka. Usiku ule ule akaanza kumsema Tabitha pembeni: wakwe wakija, mama ataropoka, atawaita watu wezi, tutaaibika. Mpe ile ya kumtuliza. Tabitha akasema hapana. Gladys akaongeza kwa upole wake wa kubembeleza:

"Wifi, siku moja tu. Siku moja haina neno."

"Alianguka siku moja, wifi. Kovu lile pale."

"Kwa hiyo sisi aliotuzaa hatuna sauti?"

"Mnayo. Itumieni kuongea naye."

Asubuhi ya ibada jiko lilijaa wanawake. Beatrice alikuwa anakata nyama, Gladys anachagua mchele, mama kwenye kigoda chake anasubiri kazi. Elifuraha akaingia. Mwanaume kuingia jikoni siku kama ile ilitosha kunyamazisha watu, lakini walinyamaza zaidi walipoona alichoshika. Alishika jani la isale, bichi, amelikata uzioni, amelifunga fundo.

Kwa Mchagga isale si jani la mchezo. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyekosewa, na anayelipokea anasamehe. Watu wamesameheana damu kwa isale. Kulikataa ni kujitenga na watu. Elifuraha akalinyoosha mbele ya Tabitha kwa mikono miwili.

"Mama Grace, kama nilikukosea kwa simu, nisamehe. Na kwa isale hili nakuomba, leo mpe mama kidonge. Leo tu."

Kisu cha Beatrice kilisimama juu ya nyama. Wote walijua amebanwa. Asipolipokea, habari itapanda mlima na kushuka, mpaka kwa mchungaji: mke wa Godlove amekataa isale la mkubwa wa nyumba. Na kihamba alichokuwa anakaa kilikuwa cha ukoo. Akilipokea, atampa mama kidonge, na mama atakaa mbele ya wageni kama gunia, na kesho watasema mbona alitulia vizuri, endelea nacho.

Tabitha alifuta mikono kwenye kanga. Akalipokea jani.

"Shemeji, kwa habari ya simu nimekusamehe, nilikusamehe siku ile ile. Lakini isale ni la kuombea msamaha. Halijawahi kuwa la kuombea ruhusa ya kukosa. Kidonge simpi."

"Mama Grace!"

"Simpi, shemeji. Mnifukuze kihambani, simpi. Nitoke na mama au nitoke bila yeye, lakini kwa mkono huu hapewi. Njoo nje kidogo."

Akapitia kitabu chake cha nyimbo chumbani, akatoka, naye akamfuata kwa hasira mpaka kwenye migomba, mahali ambapo wanawake hawakuweza kusikia. Pale Tabitha akakifungua, akatoa ile bahasha ya miezi tisa, akampa. Elifuraha akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Tabitha alimwona akiisoma mara ya kwanza kwa haraka kama zamani. Halafu mara ya pili. Kidole chake kikasimama kwenye kale kamstari.

"Nusu," alisema polepole.

"Nusu."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, mwenye duka la dawa, daktari, na Mungu. Mimi pia nilimpa kwa mkono wangu, shemeji, hukuwa peke yako. Lakini sikukuletea wewe isale, na wewe hukupaswa kuniletea mimi." Akamrudishia lile jani. "Mwenye haki nalo amekaa kwenye kigoda."

Elifuraha alisimama pale mpaka Gladys akaanza kuchungulia. Kisha mzee yule wa suti akarudi jikoni, akapiga magoti kwenye vumbi la majivu mbele ya mama yake, akanyoosha isale. Mama Aikaeli akalitazama jani, akamtazama mwenye jani. Macho yake yalikuwa wazi. Mwezi Agosti asingejua tofauti ya jani na kijiti.

"Umekosa nini, baba?" akauliza.

Elifuraha akainamisha kichwa.

"Nilisoma vibaya, mama."

"Ulisoma vibaya?" Mama akalipokea isale, akalichomeka kwenye kilemba chake kama ua. "Shule tulikupeleka. Haya, inuka, utachafua suruali. Kisu changu kiko wapi? Wageni watakula nini?"

Tabitha akampa kisu. "Mbele ya wageni, kisu?" Gladys akanong'ona. "Mbele ya wageni," Tabitha akasema, akavuta kigoda chake akakaa karibu, urefu wa mkono.

Wakwe walipofika walimkuta mwenye nyumba anamenya ndizi za machalari, za kupika na nyama, isale kichwani. Aliropoka, ndiyo. Alimwambia mkwe mmoja kwamba viatu vyake vinalia kama bata. Mzee wa kanisa alipoirefusha sala, alisema kwa sauti, "Fupisha, ndizi zinaungua," na kweli zilikuwa zinaungua. Wakwe walicheka mpaka wakashika mbavu, na bibi wa upande wao akaja akakaa naye chini, wakaanza kuimba wimbo ambao vijana hawakuujua. Mama aliukumbuka wote, beti kwa beti. Gladys alisimama mlangoni na sinia mkononi, akasahau kwamba alikuwa anagawa chakula.

Tarehe mbili Januari magari yalianza kushuka. Elifuraha alipakia mizigo, akamuaga mama, akapewa aika tatu na jina la baba yake. Kisha akamfuata Tabitha kwenye zizi.

"Shemeji, Pasaka tutapanda tena. Sema unataka tulete nini hapa nyumbani. Sema chochote."

Tabitha hakuacha kukamua.

"Leteni kisu kidogo cha kumenyea, cha mama kimeisha makali. Dawa msilete."